Kompyuta Iliyopewa Jina la Mtoto

Kompyuta ililala kwanza, mtoto akafuata.

Siku hiyo ya kwanza Alistidia hakulitilia maanani. Alikuwa sebuleni kwake Kagoma, saa nne asubuhi, akichapa barua ya mtu anayeomba kazi, mtoto akiwa mapajani ananyonya kwa pupa. Katikati ya neno kioo kikawa cheusi chenyewe. Papo hapo mdomo wa mtoto ukaachia titi. Alistidia alipobonyeza kitufe na kioo kikawaka, mtoto alifumbua macho, akaendelea kunyonya pale alipoishia. Chumba kilinuka tope la ziwa, ingawa kutoka pale ziwa hata halionekani.

Kompyuta hiyo mpakato ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliwachapia watu barua, mialiko ya harusi na ratiba za mazishi, huku mumewe Avit akivua samaki kisiwani Bumbire na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Wiki iliyotangulia aliipeleka Bukoba mjini kwa fundi aitwaye Mwijage, naye fundi akaiwekea mfumo mpya. Mfumo ulipomaliza kuingia uliuliza jina la mwenye mashine. Fundi akamuuliza aandike nani. Alistidia aliona haya kulitaja jina lake mbele ya wanaume waliojaa pale dukani. Alimtazama mtoto aliyekuwa mgongoni, akasema, "Andika Karugendo."

Lilikuwa jina ambalo mtoto alikuwa bado hajapewa. Kanisani alibatizwa Protase. Karugendo lilikuwa la babu yake, aliyezama karibu na kisiwa cha Goziba miaka kumi na tisa iliyopita na mwili wake usionekane. Ukoo ulizika mgomba badala ya mwili, kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Mama mkwe, Benigna, waliyeishi naye hapo, alikuwa amepanga kumpa mjukuu jina hilo mbele ya ukoo, siku atakayosimama dede. Alistidia akalitanguliza kwenye mashine.

Kuanzia hapo kompyuta ilianza kulala ovyo. Ililala ikiwa kwenye chaji, ikalala mteja akiwa amesimama mlangoni anasubiri karatasi yake. Benigna, aliyekuwa na ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mashine yako imerithi kwa baba mkwe wako," alisema. "Mzee yule ukimtuma maji, unamkuta amelala juu ya ndoo."

Alistidia hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaanza kumwangalia mtoto. Kila kioo kilipozimika, kichwa cha Protase kilianguka, hata kama alikuwa anatambaa, hata kama alikuwa na uji mdomoni. Mwili ulipoa. Kioo kilipowaka, aliamka.

Alimpigia Mwijage simu, akamweleza habari ya kompyuta tu. Fundi alimuuliza maswali kwa upole, kisha akataka kujua kama anavaa bangili ya sumaku, maana sumaku ikipita karibu na kibodi huweza kuidanganya mashine kwamba imefunikwa. Alikuwa nayo, aliinunua mnadani kwa ajili ya kiwiko kilichokuwa kikimuuma. Akaivua. Kutwa nzima kompyuta haikulala, wala mtoto hakuanguka, na Alistidia akaona aibu kwa mawazo aliyokuwa nayo.

Kesho yake ililala saa tatu asubuhi, na safari hii haikuamka upesi. Alibonyeza, akabonyeza tena, mtoto amelala mkekani, mweupe kama unga wa muhogo. Aliweka kioo kidogo cha kujitazamia mbele ya pua yake na kioo hakikupata ukungu. Muuguzi wa zahanati, jirani yao, alimgusa shingoni, akavua kofia yake kimya kimya. Hapo kompyuta ikawaka, mtoto akalia, na muuguzi akaenda zake bila kuaga.

Mwijage alimwelekeza kwa simu afungue mipangilio ya umeme, mahali palipoandikwa mashine ilale baada ya muda gani, achague neno moja: kamwe. Akalichagua. Kompyuta haikulala tena. Mtoto naye hakulala. Siku ya kwanza walidhani ni meno. Siku ya pili macho yake yalikauka, hakupepesa. Siku ya tatu sauti ilimwisha, akawa analia kwa mdomo mtupu, ulimi umepasuka, akimtazama mama yake kama mtu anayeuliza amekosa nini. Benigna alimbeba usiku na mchana, akimwimbia nyimbo za Kihaya mpaka naye akakauka koo. Alistidia akalirudisha neno lilivyokuwa, kompyuta ikalala, na mtoto akapoa mikononi mwa bibi yake kwa saa nne.

Ndipo alipokwenda Muleba mjini kumleta Verdiana, mganga aliyekuwa na duka la nguo za watoto na hakupenda kupotezewa muda. Benigna alikuwa kibanjani akikata ndizi. Verdiana alinusa sebule, akaitazama kompyuta, kisha akafunga dirisha.

"Mlizika mgomba," alinong'ona. "Jina mkaliacha majini. Unafikiri kitu kikiachwa ziwani hakiokotwi?"

"Kwa hiyo ni baba mkwe, waitu?" Alistidia alimuuliza kwa heshima.

"Baba mkwe wako alikwishaliwa na samaki, mwanangu. Hili ni jini lililookota jina lake. Miaka yote hiyo linatafuta pa kulala, na ninyi mkaliandikia kitanda."

Alimweleza mambo matatu kwa sauti ya chini, kidole kikiwa juu ya mdomo. Kompyuta ikizimika kabisa, betri ikiisha, aliyeandikwa humo atazimika nayo na hataamka. Jina laweza kubadilishwa, lakini jini halitoki mikono mitupu. Litataka mtu mwingine aliye hai, anayekula chungu kimoja na mtoto. Na akishaandikwa huyo na kompyuta ikalala, isiguswe. Ikiamshwa, kilichomo kinaamka, na hakuna ajuaye kitamwendea nani.

"Kama ni mnyama?" Alistidia aliuliza.

"Mbuzi anakula chungu chenu?"

Verdiana hakusubiri hata chai.

Alistidia alikaa mbele ya kompyuta na mtoto mgongoni. Avit hakuwa mtu wa chungu kile, alikula Bumbire. Alibaki yeye, na alibaki mwingine mmoja. Alifuta Karugendo, akaandika herufi tatu za kwanza za jina lake mwenyewe. Mkono ukasimama. Alijiambia kwamba mtoto bado ananyonya. Alijiambia kwamba mtu mzima ameshaona dunia. Kutoka uani alimsikia mama mkwe akimenya ndizi na kumsimulia kuku habari za majirani. Alizifuta herufi zake, akaandika Benigna, akahakikisha kwamba hakukosea hata herufi moja, kisha akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Huko uani kisu kilianguka kwenye sufuria, na sauti ikakatika katikati ya jina la mtu. Mgongoni mwake Protase akacheka, kicheko kinene cha mtoto mwenye afya, na harufu ya tope ikatoka nje kupitia mlangoni kama mtu anayepita.

Majirani walimkuta Benigna ameinamia magoti yake. Muuguzi yule yule aliitwa, na safari hii alimshika shingo muda mrefu, akamwekea kioo, akasubiri saa nzima, kisha akatikisa kichwa. Wanawake wakaanza kulia. Alistidia alilia pamoja nao na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini kila alipoingia chumbani alifunua kitenge alichokuwa ameifunikia kompyuta na kukiona kijitaa pembeni kikiwaka na kufifia, kikiwaka na kufifia, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Angeweza kubonyeza. Alimtazama mtoto akiwa ameuachia ukuta, amesimama dede kwa mara ya kwanza, akaichomoa chaji. Betri ikiisha, alijiambia, mama atakuwa amekufa kweli, na mimi nitakuwa nimezika maiti kama watu wengine.

Avit alifika kwa boti ya alfajiri, amevimba macho. Walimzika mama yake kesho yake mchana, kibanjani, ubavuni mwa ule mgomba. Paroko aliombea, wanaume wakafukia, na waombolezaji wakarudi sebuleni kuketi juu ya nyasi zilizotandazwa, wakiongea kwa sauti za chini kuhusu mvua na kahawa.

Alistidia alikuwa chumbani, kwenye dirisha linaloelekea kibanjani, akimnyonyesha mtoto aliposikia mlio mdogo nyuma yake, ule mlio ambao kompyuta hutoa inapoamka. Aligeuka. Avit alikuwa ameketi sakafuni, kitenge kiko pembeni, uso wake umemulikwa na kioo.

"Nilitaka tu kuiona picha ya mama," alisema. "Ile ya Krismasi. Chaji iko wapi? Imebaki asilimia nne."

Alistidia alimtazama mtoto kwanza. Protase alikuwa ananyonya, ana joto, macho yake yameng'aa. Kisha kupitia dirishani, kutoka kwenye udongo ule mwekundu uliokuwa bado haujakauka, ikaja harufu ya tope la ziwa, na nyuma ya harufu ukaja mlio mmoja wa ubao wa jeneza kugongwa, halafu mwingine, halafu mingi ya haraka haraka isiyo na mpangilio, na chini yake kabisa sauti iliyozibwa ambayo Alistidia aliitambua kwa sababu ilikuwa ikiliita jina la mtoto, Protase, Protase, kama ilivyoliita kila asubuhi kwa miezi kumi.

Avit aliinua kichwa. "Umesikia kitu?"

"Chaji sijui ilipo," alimjibu.

Na Alistidia, ambaye tangu aolewe katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alisimama na mtoto kifuani, akafunga dirisha kwa kiwiko na kuanzisha wimbo wa mazishi kwa sauti kubwa kiasi kwamba wanaume waliokuwa nje walivua kofia, na wanawake wakainuka mmoja mmoja kutoka kwenye nyasi wakaupokea, wakipiga makofi, wakiambiana kwa macho kwamba huyu kweli alimpenda mama mkwe wake, naye akawa anaimba huku ameikazia macho pembe ya kioo mahali palipoandikwa tatu, kisha mbili, na wimbo ulipokaribia kwisha na ikawa bado inasomeka moja, akaurudia tangu mwanzo.