Kazi Zisizo na Jina

Agosti 1974, saa tatu asubuhi, mashine ya kuchakata mkonge katika shamba moja karibu na Kifaru ilizimwa. Iliendelea kuzunguka hadi adhuhuri. Banda likanuka udi.

Mlangoni palikuwa na ubao. Fundi mkuu, Rubeni, aliwataka mafundi waandike hapo kila walichobadilisha: nini, kwa nini, nani. Tangu shamba lipandishiwe lengo la uzalishaji, waliandika "Imetengenezwa" basi, bila jina. Sasa kando ya kila neno hilo palikuwa na alama ya kidole, mbichi, isiyofutika.

Paskali, Mha wa Kigoma aliyelisha mashine majani, alimvuta Rubeni pembeni.

"Fundi, kuna mtu ananipumulia shingoni."

"Pombe ya jana hiyo."

"Pombe haijui jina la mama yangu."

Rubeni akaacha kucheka. Akamleta mganga kutoka kijiji cha Maore, Bi Kuluthumu, aliyefukiza ubani na kusikiliza.

"Mmeacha kazi hazina mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Kazichukua pepo. Kila mtu akiri yake, atatoka. Ikibaki moja, na yeye atabaki."

Fundi Fanueli alitangulia: "Nimebadilisha beringi, ilikwisha. Fanueli." Alama yake ikakauka. Wengine wakafuata, na harufu ikawa inapungua, mpaka ikabaki alama moja, ya siku ilipotolewa kinga ya mkanda, na wote walijua aliyeitoa, maana Meneja Ernest aliifungua mwenyewe kwa spana mbele yao akisema inachelewesha kazi, na sasa alisimama mikono mfukoni huku mkanda, injini ikiwa baridi, ukianza kujisogeza polepole kama unanyoosha mgongo.

"Meneja, andika," Rubeni alinong'ona.

"Huo ubao wa mafundi. Mimi mtu wa ofisi."

"Basi turudishe kinga."

"Tukifikia lengo."

"Na mimi je?" Paskali aliuliza.

"Asiyetaka kazi, stesheni ya Lembeni iko pale."

Bi Kuluthumu alikusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi asubuhi Paskali alikuwa akipanga majani. Injini ilikuwa haijawashwa. Mkanda ulimshika mkono, kisha bega. Alifariki kabla gari halijafika.

Jumatatu mashine ilifanya kazi kama kawaida, bila kinga.