Ugali Ulipopoa

Mama Khauhelo alikutwa amekufa, amelala chali kando ya jiko, mkono kifuani. Pembeni yake palikuwa na sahani ya ugali wenye mabaka ya buluu iliyokolea kama wino.

Kijiji hakikungoja polisi. Ugali wa buluu! Kama si sumu, ni nini? Aliyepika ni mke wa mwanawe, Puseletso, na juzi tu wawili hao walitupiana maneno mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Wakamfungia ghalani. Inspekta Lineo Mokhothu alipofika kwetu Semonkong, huku juu milimani, aliwakuta wanaume wamejifunga mablanketi yao, fimbo mkononi, na mmoja ana galoni la mafuta ya taa.

"Mafuta ya nini hayo?"

"Ya kuwashia taa, afande."

"Saa sita mchana?"

Jamaa akalirudisha kwake bila kuaga.

Ghalani, Puseletso hakulia. Alikuwa na hasira.

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Kapakua?"

"Mimi. Aliyemwekea mbele yake ni mimi pia. Andika, tumalize."

"Ukatoka?"

"Kuchota maji. Narudi, nakuta watu na mayowe."

"Mama mkwe alikuwa na hali gani siku hizi?"

Binti akashusha pumzi. "Zamani alikuwa wa kusinzia tu, kila saa baridi, tangu lile rovu limvimbe shingoni. Ghafla akachangamka! Anafagia, anaimba. Kisha ikapita kiasi. Halali, anakonda, mikono inatetemeka, jasho linamtoka na nje kuna theluji. Wakasema nimemroga."

Inspekta akarudi kwenye sahani. Ugali ulikuwa mzima, haujamegwa hata tonge moja. Sumu ambayo mtu hajaila inamuuaje? Akainama akanusa. Ulinuka dawa ya vidonda.

"Madini joto, ile dawa ya kahawia ya vidonda," alisema Daktari Mohapi, aliyekuwa akiuchunguza mwili. "Yakikutana na wanga hutoa buluu. Ugali ukiwa wa moto huoni kitu, ukipoa ndipo unaumbuka."

"Ndiyo yaliyomuua?"

"Si ya leo. Kidogo kwenye chumvi ni uzima. Lakini rovu la miaka mingi ukilimwagia kwa fujo, linaweza kufungulia homoni bila breki. Moyo unakwenda mbio mpaka unashindwa."

Basi kuna aliyekuwa akimnywesha. Nani?

Mume wa marehemu, Mzee Sekhonyana, alikuwa mlangoni akipokea pole, mikono ndani ya blanketi. Inspekta akamwekea ugali mwingine, mweupe, uliopoa, ulioletwa na jirani.

"Kula kidogo, mzee wangu. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni."

"Sina njaa, mwanangu."

"Tonge moja tu."

Watu wanatazama. Atakataaje? Akatoa mkono. Ncha za vidole zilikuwa za kahawia.

"Tumbaku hiyo?"

"Tumbaku."

Akafinyanga tonge. Likaanza kugeuka buluu mkononi mwake. Akalitupa kana kwamba limemng'ata.

"Chupa iko wapi, mzee?"

Mzee akapeleka mkono ndani ya blanketi. Kisha akaitoa kifuani mwake.

"Muuzaji wa kwenye mbio za farasi alisema yanaleta nguvu, yanaweka homoni sawa. Nikawa namtilia kwenye maziwa. Wallahi alifufuka! Akarudi kulala upande wangu. Alipoanza kutetemeka nikadhani hayajamtosha, nikaongeza. Leo maziwa hayakuwapo, nikatia kwenye ugali. Chupa ikanimwagikia."

"Kwa nini ulimficha?"

"Ningemwambiaje? Mzee mzima, bado namtaka mke wangu? Kijiji kizima kingenicheka."

"Kwa hiyo ukaona afadhali huyu binti achomwe moto?"

Mzee akanyoosha mikono. Inspekta akamfunga pingu mwenyewe, wala hakumwita tena mzee wangu.

Puseletso alipotolewa ghalani, akasimama mbele ya baba mkwe wake. Watu wakadhani atamtemea mate.

"Mama alijua kuna kitu," alisema. "Aliniambia maziwa unayomletea yana ladha ya chuma, mimi nikadhani ni chombo. Nikamwambia, basi yamwage. Akasema, 'Niyamwage! Tangu anioe hajawahi kuniletea hata maji ya kunywa kwa mkono wake. Nitakunywa.'"

Mzee Sekhonyana akakaa chini palepale, na pingu zake, akalia kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyecheka.