Nguruzi ya Mashua Subira

Jumatatu ya pili ya Februari 1998, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mashua iitwayo Subira ilianza kuzama mbele ya karakana ya Owen Mwendwa, Msambweni, hatua thelathini tu kutoka ufukweni. Bahari ilikuwa shwari na mwamba haukuwapo. Mwenye mashua, Mwinga, alikuwa amesimama ndani yake, maji yakimfika magotini.

Owen, Mkamba wa Kitui, alikuwa akiuza boti za faiba zenye mashine, na mvuvi aliruhusiwa kumletea mashua kuukuu ikawa sehemu ya bei. Sharti lilikuwa moja: mashua ielee saa nzima, mwenyewe akiwa ndani, isiingize maji. Ikishindwa, boti humwendea anayefuata kwenye orodha. Boti ilikuwa imebaki moja, na aliyefuata aliitwa Baya.

Kufikia saa nne Baya alikuwa mahabusu. Mwinga alikuwa ameapa mbele ya kituo kizima kwamba hakuna mwingine wa kumfanyia hivyo.

Sajini Justus Ndambuki aliiweka nguruzi mezani kwake. Nguruzi ni kile kizibo cha mti kinachoziba tundu la chini ya mashua; ikipandishwa pwani hung'olewa maji yatoke, ikirudi majini hugongwa mahali pake. Hii ilikuwa imetobolewa katikati kwa chuma cha moto, tundu la kupitisha kidole, kingo zake nyeusi.

"Huu ni wivu," alijisemea. Wivu aliujua vizuri. Mwezi uliopita mwenzake aliyeapishwa naye siku moja alipandishwa cheo akawa inspekta, na Ndambuki alikuwa bado hajampa hata neno la pongezi. Kila akikumbuka, huiacha chai yake ipoe.

Akamwita Baya.

"Jana saa kumi jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa Mwinga, afande. Nilikwenda kunywa kahawa."

"Nguruzi uliiona?"

"Niliiona, imefungwa kitambaa, imetundikwa msumarini. Sikuigusa. Mashua ikiwa juu, nguruzi hulala kwa nahodha na haishikwi na mkono mwingine. Hata mkewe haishiki."

"Mwinga alikuacha peke yako?"

"Kitambo kidogo. Alitoka kumtafuta mkewe. Alirudi uso umemshuka, kahawa yake hakuimaliza."

"Ile boti ulikuwa ukiitaka?"

"Naam. Kijicho nilimwonea, siwezi kumdanganya Mungu. Lakini kilikaa humu moyoni, hakikunituma mkono."

Ilipotimu saa tano, sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye nguruzi. Ndambuki akakwangua ndani ya tundu kwa pini, ikatoka nta ya kahawia inayonata. Akaonja. Sukari guru. Mtu alilijaza tundu kwa sukari, akapaka chokaa na mafuta juu, akajua bahari itamaliza kazi iliyobaki.

Sukari guru hupikwa kwa maji ya miwa na Wakamba wa Shimba Hills, na kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa limekwisha kumhukumu Owen. Ndambuki, Mkamba mwenyewe, alifika karakanani saa saba mchana huku masikio yakimwasha kwa maneno ya watu.

"Afande, hata wewe?" Owen alisema. "Nikimuuzia Mwinga ama Baya, boti ni ile ile. Na hiyo sukari iko kwa kila duka hapa."

"Nieleze Mwinga alivyoiziba mashua asubuhi."

"Ali-open kitambaa, akapangusa nguruzi vizuri, kavu kabisa, akagonga mara tatu. Mtu msafi sana."

"Na mashine ya boti mpya, angeiendesha nani?"

"Fundi wangu, Quincy. Mimi mashine sijui. Anaenda kwa kila mteja three months, analala huko kwake, anamfundisha. Ndiyo mpango."

Quincy alikuwa pembeni akifuta plagi, mwanamume wa miaka thelathini, shati limepigwa pasi hata penye grisi.

"Mwinga aliukubali mpango huo?"

"Alinyamaza tu. Bibi yake, Sidi, ndiye alikuwa na furaha. Amekuja hapa mara nne, hata jana jioni alikuwa hapa na Quincy."

Ndambuki alirudi kituoni akimfikiria mtu safi aliyepangusa nguruzi. Akamsimulia Baya alivyoelezwa. Baya akamkodolea macho.

"Kavu? Nguruzi haigongwi kavu, afande. Hulowekwa usiku kucha katika maji ya chumvi ivimbe, ndipo ishike. Na Mwinga ni nahodha wa miaka ishirini."

Saa kumi jioni Sajini aliwakusanya wote: Mwinga na Sidi, Owen na Quincy, na Baya akiwa bado na pingu.

"Mzee Mwinga, jana usiku uliiloweka nguruzi?"

"Niliiloweka."

"Owen anasema ilikuwa kavu."

"Owen ni mtu wa bara. Atajua nini?"

"Ndiyo maana namwamini. Hakujua kuwa ni kosa, basi angelizua kwa sababu gani?" Ndambuki akaiinua nguruzi. "Ingelilowekwa, sukari ingeliyeyukia nyumbani na tundu lingelionekana kabla hujafika pwani. Aliyeitoboa alikuwa na hakika kwamba haitalowekwa. Na hii haishikwi na mkono mwingine. Si ndivyo mila yenu ilivyo?"

Mwinga alimtazama mkewe, kisha akatazama viatu vya Quincy.

"Sikuitaka ile boti," alisema. "Miezi mitatu huyu alale kwangu, ale kwangu, na Sidi akimcheka kila neno. Kila nikimtafuta mke wangu, yuko karakanani. Ningesema nini mbele za watu? Kwamba nahodha mzima namwogopa fundi wa mashine? Nikaona mashua ishindwe, mambo yaishe kimya kimya."

"Na Baya?"

"Nguruzi ilionekana imetobolewa. Ilibidi apatikane mtu wa kulaumiwa."

Baya akamgeukia Sajini. Alinyoosha mikono ili afunguliwe.

Sidi akasimama, akamfungulia mumewe viganja vyote viwili. Vilikuwa vimechubuka, malengelenge mapya juu ya yaliyopasuka.

"Mara nne, Mwinga. Mara nne nimevuta kamba ya ile mashine hadi mikono ikatoka ngozi. Nilimwomba Owen nifundishwe mimi, nije nikufundishe wewe nyumbani, Quincy asilale kwetu hata usiku mmoja. Wivu wako nimeishi nao miaka kumi na tisa. Nilikuwa nakukinga nao."

"Ni kweli, mzee," Owen alisema kwa sauti ya chini. "Alitaka akuambie leo, mashua ikipita."

Mwinga akajaribu kuishika ile mikono. Sidi akaifunga, akatoka nje.

Jioni ile Baya alitoka na Mwinga akaingia mahali pale pale, kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo. Sharti likabaki sharti: boti ilimwendea Baya. Quincy naye alipanda gari la Mombasa kutafuta vipuri, arudi Ijumaa.

Jumanne saa moja asubuhi Ndambuki alikuwa mezani, akihangaika na mstari wa kwanza wa barua ya pongezi aliyoichelewesha mwezi mzima. Kutoka ufukweni ikasikika mashine ikivutwa kamba. Ikakohoa, ikazima. Ikavutwa tena, ikazima. Mara ya tatu ikashika.

"Baya hajui kuwasha mashine," Mwinga alisema kutoka nyuma ya vyuma.

"Hajui," Sajini alijibu bila kuinua kichwa.

"Na Quincy yuko Mombasa."

"Yuko Mombasa."

Mwinga akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akausikiliza ule mlio ukitoka mkondoni hadi ulipomezwa na mawimbi.