Siku Thelathini za Theodora

Jumanne, tarehe 15 Julai 2025, saa tatu na robo asubuhi, mashine ya kuchapisha katika steshenari ya Janeth mjini Singida ilitoa barua ya ishirini na sita, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Barua zote zilialika watu Ilongero, Jumamosi ya tarehe 26, kwenye ibada ya kuweka msalaba juu ya kaburi la marehemu Mwalimu Anselm.

Mjane wake, Mama Elizabeti, alizipanga barua kwenye mkoba. Alikuwa amekuja kwa bodaboda pamoja na binti yake wa kwanza, Theodora, anayefundisha hisabati katika shule moja ng'ambo. Baba yake alipofariki mwezi Machi, Theodora hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Kwa hiyo msalaba ulimsubiri. Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza ndiye anayeushika msalaba unaposimikwa.

Theodora naye alitaka kuchapisha karatasi moja, tiketi ya ndege ya kurudi kazini tarehe 28 Julai.

Kabla ya kufungua steshenari hiyo, Janeth alifanya kazi miaka sita kwa wakala wa safari kule Dodoma. Aliisoma tiketi kwenye kompyuta, lakini hakuichapisha. Aliuliza kibali cha kurudi kinaisha lini.

Theodora alimpa kadi yake ya ukaazi. Alieleza kwamba aliingia mara ya kwanza kwa viza ya kazi, kisha akapewa kadi hiyo. Inaisha Machi 2027.

"Hii inakuruhusu kuishi na kufanya kazi ukiwa kule," Janeth alisema. "Mimi naulizia karatasi iliyokuruhusu kutoka na kurudi."

Mama Elizabeti aliuweka mkoba chini. "Kwani na kutoka kunaombewa kibali?"

"Kwa nchi hiyo, ndiyo, mama. Nchi nyingine hazina utaratibu huo. Kila nchi ina sheria yake."

"Basi ni kama zizi. Ng'ombe hatoki mpaka afunguliwe."

Janeth alicheka. Alisema kutoka si shida. Shida ni kwamba mlango wa kurudi una tarehe ya kufungwa.

Theodora alikitafuta kibali kwenye simu yake. Kiliandikwa siku thelathini. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu mkuu wa shule alimwambia likizo yake ni siku thelathini, na siku za njiani hazihesabiwi. Yeye na mama yake walianza kuhesabu tarehe 2 Julai, siku aliyoingia nyumbani. Kabla ya hapo alikaa siku saba Manyoni kwa shangazi yake. Kwao, mtoto aliyekosa mazishi ya baba hulia kwanza kwa dada wa baba. Haingii nyumbani mpaka shangazi amnawishe uso. Kwa hesabu hiyo, siku ya thelathini ilikuwa tarehe 31 Julai.

Janeth aliomba pasipoti. Alipekua kurasa mpaka akaona muhuri wa kutoka, tarehe 23 Juni. Kisha akasoma mstari wa maandishi madogo chini ya kibali. Siku zinahesabiwa tangu siku ya kutoka nchini, na siku hiyo ni ya kwanza.

"Likizo umepewa na mwajiri," alisema. "Kibali umepewa na uhamiaji wa nchi ile. Uhamiaji hawajui habari za shangazi."

Walihesabu kwa kalenda ya ukutani. Siku za Juni zilikuwa nane. Zilizobaki, ishirini na mbili, zilikuwa za Julai. Kibali kingeisha tarehe 22. Tiketi ilikuwa imechelewa siku sita.

Mama Elizabeti aliuliza itakuwaje akifika tarehe 28. Janeth alijibu kwamba huenda hata ndege asipande. Kadi ya 2027 haitamsaidia. Shule italazimika kumwombea viza ya kazi upya, na hiyo huchukua miezi. Huenda nafasi yake ikapewa mtu mwingine.

"Hiyo karatasi haiongezwi siku?"

"Inaongezwa, mama. Ila anayeomba ni mwajiri, na aombe kabla haijaisha."

Theodora aliandika barua pepe papo hapo. Saa tano shule ilijibu. Ombi limepelekwa, na majibu huchukua hadi siku kumi za kazi.

"Basi wameshaomba," Theodora alisema, akaketi.

"Ombi si kibali," Janeth alisema. "Siku kumi za kazi kuanzia kesho zinaishia tarehe 29."

Mama Elizabeti alihesabu tena kwa vidole, kwa Kinyaturu. Kisha akauliza kama msalaba unaweza kusimama Jumamosi hii, tarehe 19.

Walimpigia Mchungaji Sostenes. Alikubali, saa tatu asubuhi. Fundi Kefa, wa kujenga msingi wa msalaba, alikuwa mgumu zaidi. Alisema saruji nayo ina siku zake, wala haibembelezwi. Mwishowe aliahidi kumwaga msingi siku hiyohiyo ya Jumanne, kwa sharti kwamba Jumamosi mtu yeyote asiegemee msalaba.

Theodora alibadilisha tiketi. Sasa angeondoka Dar es Salaam Jumatatu, tarehe 21. Mama Elizabeti aliomba kalamu. Alifuta 26 na kuandika 19 kwenye barua ya kwanza, kisha ya pili.

"Watasema mjane amechanganyikiwa," alisema.

"Waambie umehesabu upya," Janeth alimjibu.

Jumamosi, Theodora alishika msalaba. Hakuna aliyeuegemea. Baada ya ibada, jirani yao Pendo alisema mwanawe, mwalimu pia, amekuja likizo kutoka ng'ambo na atakaa hadi Septemba. Mama Elizabeti aliweka kikombe chini.

"Muhuri wake wa kutoka ni wa lini?" aliuliza. "Na kibali chake kinaanza kuhesabiwa siku gani?"

Pendo hakujua. Alikwenda kumuuliza.

Jumanne, tarehe 22 Julai, saa nne na dakika hamsini asubuhi, picha iliingia kwenye simu ya Mama Elizabeti. Ilikuwa ya ukurasa wa pasipoti. Muhuri wa kuingia ulikuwa na tarehe ya siku hiyo. Jibu la ombi la kuongezewa siku lilikuwa bado halijafika.