Kazi Ipi Inakosa Mtu?

Kila asubuhi Mama Cherehani na bintiye walifungua chumba chao cha kushonea. Mama alikata vitambaa, binti akashona. Siku hiyo binti hakugusa mashine.

"Baraza la mji litaajiri makarani," alisema. "Nangoja kazi hiyo, mama. Mshahara wa serikali haukauki."

Mama aliendelea kukata vitambaa. Peke yake asingemaliza sare za shule walizoagizwa. Lakini mzazi gani hapendi mwanawe apate kazi ya uhakika?

Jirani yao, mhasibu mstaafu wa baraza, alikuja kuchukua suruali yake. Mama akamweleza.

"Ni jambo jema," mhasibu alisema. "Mtu akiwa na mshahara, hununua. Hata nyinyi mtapata wateja."

"Basi mbona umekunja uso, babu?" binti aliuliza.

"Mshahara huo hutoka kwenye kodi zetu. Tukijaza makarani ofisini, dawa tutanunua kwa fedha gani? Na kuajiri ni rahisi, mjukuu wangu. Kupunguza watu ndiyo shughuli."

"Kwa hiyo baraza lisiajiri?"

"Sijasema hivyo. Zahanati yetu ina muuguzi mmoja tu. Uliza kwanza: kazi ipi inakosa mtu?"

Binti akainamisha kichwa. Shangazi yake alijifungulia kwenye benchi la zahanati hiyo, akisubiri zamu. Binti ndiye aliyemshika mkono.

Kwenye mkutano wa mtaa, diwani alieleza mpango: makarani wengi, wauguzi wachache. Watu walipiga makofi, kila mmoja akimwazia mwanawe. Binti akasimama.

"Hata mimi nautaka huo ukarani," alisema. "Lakini shangazi yangu alizalia kwenye benchi. Tuleteeni wauguzi kwanza."

Makofi yakakatika. Kisha mwanamke mmoja akasema, "Kweli kabisa." Wengine wakamuunga mkono.

Baraza lilipunguza nafasi za makarani, likaongeza za wauguzi. Binti aliomba ukarani, akakosa. Ilimuuma. Akarudi kwenye mashine.

Wauguzi wapya walipofika, walihitaji sare. Mmoja alikuja kupimwa akitoka zamu. Usiku kucha alikuwa akizalisha, na kina mama wote walijifungulia vitandani.

"Keti kidogo, dada," binti alimwambia.

Muuguzi akaketi, akasinzia papo hapo. Binti akampima mabega polepole, asimwamshe.