Togwa ya Mama Fortunata

Hellena alikuwa mjane wa kijiji cha Mollo. Watu walimwita Mama Fortunata. Mwaka ule ruzuku ya mbolea iliondolewa, na mfuko mmoja ukawa ghali kweli kweli. Hellena hakulalamika. Alikuwa amefukia nyasi kwenye matuta zioze ziwe mbolea, kama bibi yake alivyomfundisha. Akapanda ulezi, ukastawi mpaka wapita njia wakasimama kuutazama. Ulezi huo ndio ungewalisha watoto wake mpaka msimu mwingine.

Huku kwetu ng'ombe hufunguliwa mashambani watu wote wakisha kuvuna. Lakini Oswaldi, mwenye ng'ombe wengi, alipomaliza kuvuna ya kwake aliwafungua. Ya mwenzake hakuuliza. Hellena alipofika shambani alikuta mabua yamelala na vinyesi vimetapakaa. Ng'ombe wawili walikuwa bado wanatafuna.

Aliinua panga. Kisha akalishusha.

"Mnyama hana kosa," alisema, akawafukuza. Akakaa chini akalia.

Sasa sikia ajabu. Oswaldi huyo alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikristo! Jioni alimfuata Hellena nyumbani.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mama Fortunata."

"Milele amina. Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mambo ya shamba, tusameheane tu. Yesu alisema saba mara sabini."

"Na watoto wangu watakula hesabu hiyo?"

"Mama, yaliyopita si ndwele."

"Njaa yangu haijapita, mwenyekiti. Ndiyo kwanza inakuja."

Oswaldi aliondoka amenuna. Jumapili, wakati wa kupeana amani kanisani, alimnyooshea Hellena mkono mbele ya watu. Hellena aliacha mikono yake ndani ya kitenge. Minong'ono ikaanza. Eti mama huyu ana moyo mgumu! Wanajumuiya wakamsonga kila siku: samehe, nyamaza, yule ni mkubwa. Mtu mwenye shibe ni mwepesi wa kuhubiri.

Zamu ya sala ya jumuiya ikafika nyumbani kwa Hellena. Kwa desturi, mwenye nyumba huwapa wageni togwa ya ulezi baada ya sala. Hellena alipanga vikombe, akamimina, akagawa. Watu wakaonja, wakatazamana. Yalikuwa maji matupu.

"Togwa yenu wameila ng'ombe wa mwenyekiti," Hellena alisema. "Kunyweni nilichoachiwa."

Oswaldi alisimama. "Unaniaibisha! Katekista, mfundishe mama huyu maana ya msamaha!"

Katekista Romani aliweka kikombe chini.

"Nitawafundisha wote," alisema. "Zakayo alipokutana na Yesu hakusema, 'Tusameheane, yaishe.' Alisema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile."

"Kwa hiyo asinisamehe?"

"Akusamehe. Kusamehe ni kuacha kisasi na chuki. Lakini anayetubu hurekebisha alichoharibu. Ghala lako limejaa, halafu unamwambia mwenye njaa asamehe? Hiyo si toba, ndugu yangu. Na sisi tuliomwambia anyamaze tumekosa pamoja nawe."

Kisha akamgeukia Hellena. "Nawe, mama, usilipize kisasi. Kisasi si haki."

"Panga nimelishusha, katekista," Hellena alijibu. "Mdomo siushushi!"

Oswaldi alichukua kikombe chake cha maji. Akayanywa yote, akaondoka.

Asubuhi ng'ombe wake walivuta mkokoteni mpaka mlangoni kwa Hellena. Ulijaa magunia ya ulezi, mengi kuliko yale ambayo shamba la mjane lingetoa. Msimu wa matuta ulipofika, Oswaldi mwenyewe alishika jembe akamsaidia kufukia nyasi. Jumuiya nayo ikakubaliana: hakuna kufungua ng'ombe mpaka mjane wa mwisho avune.

Zamu ya sala ikarudi kwa Hellena. Safari hii watoto walikuwa wameshiba, na vikombe vilijaa togwa nzito.

"Mama Fortunata," Oswaldi aliuliza polepole, "sasa umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile niliposhusha panga."

"Mbona kanisani ulikataa mkono wangu?"

"Kwa sababu mkono wenyewe ulikuja mtupu, mwenyekiti."

Kisha Hellena akatoa mkono wake kwenye kitenge, akamnyooshea.