Tundu la Kugeuzia

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani na mikoba miwili. Wa jinzi niliushika mkononi, wa njano niliubana kwapani. Safari yenyewe ilikuwa fupi, kuvuka barabara, kupita duka la vyombo, kisha kuingia uchochoro wa mafundi hadi chumba cha nyuma cha Bibi Kushoto. Kila mwisho wa mwezi sisi washona mikoba tulikutana hapo kubadilishana. Unaleta mkoba ulioushona mwenyewe, unauweka mezani, unachagua wa mwenzako na kwenda nao. Hakuna kuuza wala kununua. Bibi Kushoto, mwenye chumba, alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila mara huku akitutishia kwa mkasi wake wa mkono wa kushoto: kilichogusa meza si chako tena, na hakuna anayetoka na wake.

Nilikuwa sijaenda huko muda mrefu. Mwanangu alikuwa amefariki.

Tulimwita Kifungo. Tangu anatambaa, kifungo kikidondoka chini ya cherehani hakikuonekana tena. Alivitia mdomoni, mfukoni, hata ndani ya viatu vya wateja wa baba yake, ambaye ni fundi viatu, na wateja walirudi wakilalamika kwamba viatu vinawafinya. Homa ilimwanza akiwa anacheza, na wiki haikuisha. Waliokuja kunipa pole waliniambia nitazoea. Sijazoea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wengine wote wanahadithiwa tu.

Bibi Kushoto ndiye aliyenihimiza nirudi kazini. Alisema mikono ikipata shughuli, moyo nao hupata pa kupumulia. Nikakaa kwenye cherehani, nikapekua vitambaa vyangu vyote, na nilichokitaka kilikuwa kimoja tu. Gauni la Kifungo la njano, lile la mifuko mbele. Nikalikata. Shuka alilokuwa akilalia likawa bitana, kitambaa cha ndani. Baba yake aliona, akageuza uso, akaendelea kugonga soli.

Kwa asiyeijua kazi hii, mkoba wenye bitana hushonwa ukiwa umepinduliwa, nje yake ikiwa ndani. Unaacha tundu dogo kwenye bitana, la kutosha mkono. Kwa tundu hilo unaingiza mkono, unashika kona ya chini, unavuta pole pole, na mkoba wote unatoka na kugeuka. Kisha unaliziba tundu kwa sindano. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho, na fundi asiyeliziba huchekwa na mafundi wote.

Mimi sikuliziba. Nilikuwa nimeshasimama pembeni nikitazama shimo moja likifunikwa, na la pili lilinishinda.

Mkoba wa jinzi ndio niliokusudia kubadilisha. Wa njano niliuchukua kwa sababu sikuweza kuuacha nyumbani peke yake.

Nilipoingia, Bibi Kushoto alinikumbatia, nikalia, na kwa kulia nikahitaji mikono yote miwili. Nikaitua mikoba. Yote miwili. Mezani.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nilipofuta macho, mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama karibu yangu. Mwembamba, amejifunika shuka jeusi hadi kwenye nyusi. Alinuka nguo iliyoanikwa ndani siku za mvua, ile isiyokauka na ikaanza kuota ukungu. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba wangu wa njano, hadi kifundoni. Alikuwa anatabasamu.

"Huu bado una joto," alininong'oneza.

Nilitaka kusema huo haumo kwenye mabadilishano. Hakunipa nafasi. Alisukuma mkoba wake kifuani pangu, mweusi, wa mishono midogo hata nikashindwa kuuona uzi. Ulikuwa mzito kidogo. Na baridi… Baridi ya sakafu ya asubuhi.

Nilipoinua macho, mlango ulikuwa wazi na uchochoro mtupu. Nikamuuliza Bibi Kushoto yule ni nani.

Alinitazama vibaya. "Si umekuja naye? Alikuwa nyuma yako tangu barabarani."

Nyumbani sikuwasha hata taa. Niliketi kitandani nikaingiza mkono kwenye mkoba ule mweusi, nikitaka kujua ni fundi gani huyu. Vidole vikapapasa bitana. Vikafika chini. Vikakuta pengo.

Tundu la kugeuzia. Naye hakuliziba.

Nikasukuma kidole ndani, katikati ya bitana na kitambaa cha nje, mahali pasipowekwa kitu.

Kikashikwa.

Kiganja kidogo. Vidole vidogo. Vilikizunguka kidole changu na kukikaza, kama mtoto anapovushwa barabara.

Niliogopa. Lakini sikuutoa mkono, na mzazi yeyote aliyefiwa anajua kwa nini. Nilisema, "Kifungo?" Kutoka ndani ya kitambaa, kwa mbali, ikaja sauti:

"Mama."

Nililia hadi nikatapika. Nikakibusu kitambaa. Nikakipapasa kile kiganja, kidole kimoja kimoja, nikitafuta kovu. Kifungo aliwahi kuchomwa na sindano ya cherehani kwenye kidole cha shahada, na palibaki kinundu kigumu kama punje ya mchele. Nilipapasa kidole hicho mara nyingi kuliko akili inavyoruhusu.

Kilikuwa laini.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mwanamke alikuwa mama kama mimi. Alishona kama nilivyoshona mimi, akaacha tundu kama nilivyoacha mimi. Wake alikuwa amepoa. Wangu alikuwa bado ana joto.

Tulikuwa tumebadilishana.

Nilirudi kwa Bibi Kushoto kila jioni kumtafuta. Niliuliza mafundi wote wa uchochoro ule, wenye duka la vyombo, hata wauza mkaa. Hakuna aliyemjua. Nilipomweleza kilichomo, Bibi Kushoto alinishauri niuzibe mkoba ule kwa uzi mara mbili na kuuzika. Nilimwambia nikimfunga wa mwenzangu, mwenzangu atamfunga wangu.

Kwa hiyo nililea. Nikimaliza kazi niliketi na kidole ndani ya bitana, nikimsimulia yule mtoto habari za mtaani, nani amegombana na nani, kuku wa jirani ametaga kwenye beseni la nani. Alipenda kukandwa kidole gumba. Alikuwa ananyamaza kabisa nikimkanda. Sikumpenda, nasema kweli. Nilimtunza ili wangu atunzwe.

Baba Kifungo aliniona. Si mtu wa maneno, maneno yake mengi huyagongelea kwenye soli. Siku moja aliuchukua mkoba, akaingiza mkono wake mnene wenye gundi, akapapasa kila kona. Hakukuta kitu. Alibaki ameketi kwenye kigoda chake na mkono umo ndani, machozi yakimdondokea kwenye aproni, na sikujua kama analia kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yangu.

Kesho yake jioni nilienda bombani kuchota maji. Niliporudi nilimkuta akinyoosha uzi mweusi wa viatu kwa meno. Mkoba ulikuwa mapajani. Tundu lilikuwa limezibwa, kwa mishono mikubwa ya kiatu, imara, iliyopakwa nta.

"Imetosha, mke wangu," alisema. "Mwache apumzike. Nawe upumzike."

Alikuwa ananipenda. Nilijua hivyo hata wakati ndoo inaniponyoka.

Nikausogeza mkoba sikioni. Ndani kulikuwa na kukwaruza… kidogo kidogo… kama kucha kwenye gunia. Baba Kifungo alikuwa ananiangalia, na usoni mwake niliona kwamba hasikii.

Ndipo mlango ulipobishwa.

Si kwa ngumi. Kwa ncha ya kidole.

Harufu ilitangulia. Nguo mbichi, ukungu. Nilifungua nikamkuta amesimama kwenye mwanga wa mwisho wa jioni, shuka hadi kwenye nyusi, mkoba wangu wa njano kifuani. Mdomoni alikuwa amebana sindano, na uzi ulikuwa umeshatungwa.

"Umemfunga wangu," alinong'ona, sindano ikicheza kati ya meno. "Sasa wako nimfanyeje?"

Nilikimbilia mkasi. Nilikata ile mishono ya mume wangu mmoja mmoja, na mmoja nikaukata pamoja na ngozi ya kidole changu. Tundu likafunguka. Kiganja baridi kikatoka, kikashika damu yangu, kikatulia. Nje, mwanamke alivuta pumzi ndefu, akaitoa sindano mdomoni.

Nikampelekea mkoba wake mlangoni. Nikapiga magoti. "Dada yangu, chukua wako. Nipe wangu. Tusameheane."

Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Kama angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

"Kilichogusa meza si chako tena," alisema. "Sheria ni yenu, sikuitunga mimi."

"Basi nimshike tu."

Alifikiri. Akausogeza mkoba wa njano, akaufungua mdomo wake kidogo, kama mtu anayemwonyesha jirani mtoto mchanga bila kutaka ashikwe sana. Niliingiza mkono. Bitana ya shuka la Kifungo. Pengo. Ndani kulikuwa na joto, na harufu ya nywele za mwanangu ikanipanda usoni.

Kidole kilinishika. Nikakipapasa.

Kinundu. Punje ya mchele.

"Kifungo," nilisema. "Ni mama."

Kilinikaza kwa muda mfupi. Kisha kikalegea. Kikaniachia chenyewe, pole pole, kikarudi ndani… na nikasikia sauti ya mwanangu, ile ninayoijua kuliko jina langu, ikiuliza kwa wasiwasi:

"Mama yuko wapi?"

Yule mwanamke aliingiza mkono wake nilipoutoa wangu. Sauti ikatulia. Ikacheka kidogo.

"Amenizoea," alininong'oneza, na macho yake yalikuwa na machozi, nadhani kwa ajili yangu. "Wangu anapenda kukandwa gumba."

"Najua," nilimjibu.

Aliondoka na njia ya mafundi. Baba Kifungo alikuja akanishika mabega, akaniuliza nimepiga magoti mlangoni naongea na nani. Nilimwonyesha kidole kinachovuja damu. Alikifunga kwa kitambaa bila kuuliza tena, na tangu siku ile hajaugusa mkoba.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu anakua. Siku hizi kiganja kinajaa mkononi mwangu, na tundu limeanza kuchanika pembeni. Baridi nayo imepungua. Nimemzoea, sasa naweza kulisema hilo. Akinyamaza sana nashtuka.

Juzi alianza kuniomba. Ananiomba kila jua likizama, kwa adabu, kama mtoto anayetaka ashushwe kutoka mgongoni.

"Mama, nigeuze."

Mwanzoni nilijifanya sisikii. Ninaijua kazi yangu. Mkoba ukigeuzwa, cha ndani huwa nje. Sijui kwa mtoto inakuwaje, sijui nitakachokiona, na mshona mikoba yeyote atakwambia kwamba tundu likiwa dogo kitu hutoka kimekunjamana. Usiku sikulala kwa kuwaza hilo.

Lakini nimewaza na lingine. Ninachomfanyia wake, naye humfanyia wangu. Nikimgeuza huyu, basi mahali fulani, kwenye chumba kinachonuka ukungu, Kifungo atatoka. Ataita mwingine mama. Sitamwona. Lakini atakuwa nje, juani, na vifungo vya watu vitapotea tena.

Baba Kifungo amekwenda kununua gundi. Jua linazama. Nimefunga mlango, nimewasha taa, nimeuweka mkoba mapajani na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

Anasubiri. Ametulia kabisa.

Naanza na kona ya chini, kama inavyotakiwa.